Uzi wa nyuzinyuzi: nimeonja baa tano ndani ya lori, ipi ni chakula na ipi ni pipi iliyovaa kanzu?

#1 Dereva_I70
Wakuu, salaam.

Naendesha lori huku Marekani. Nyumbani ni Columbus, Ohio, na njia yangu kubwa ni I-70 kwenda Denver na kurudi. Sheria inaniruhusu saa 11 za usukani kwa siku, kwa hiyo ukitoa usingizi, maisha yangu yote nimeyakalia. Choo kikaanza kuja siku ya nne, mara ya tano. Daktari akaniuliza nakula nini barabarani. Nikamtajia bila kuficha, akacheka kwanza, halafu akaniambia niongeze nyuzinyuzi.

Sasa kwenye lori hupiki maharage. Nikaingia dukani nikakuta rafu nzima ya baa za nafaka, kila moja inajisifu. Nikachukua aina tano, nimezila wiki tatu. Namba ninazotoa zimeandikwa kwenye pakiti nilizonazo hapa.

Fiber One ya oti na chokoleti: gramu 40, kalori 140, nyuzi gramu 9. Laini, tamu, kama biskuti iliyochovywa kwenye chai ikatolewa kwa wakati.

Nature Valley ya asali: vipande viwili, jumla gramu 42, kalori 190, nyuzi 2 tu. Ngumu, inalia mdomoni, na kwa ladha mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Namba ndizo zimenivunja moyo.

KIND ya chokoleti nyeusi na chumvi: gramu 40, nyuzi 7, sukari 5. Lozi unaziona kwa macho. Bei nayo unaiona.

Larabar ya karanga: tende, karanga, chumvi, basi. Nyuzi 3 au 4 kutegemea ladha uliyochukua.

Quest: gramu 60, protini 20 na ushee, nyuzi zaidi ya 10. Inatafunwa kama bigijii iliyokaa kwenye friji.

Kuna na ya sita ambayo jina lake naliweka kapuni. Hiyo nilikula tatu kwa mpigo asubuhi nikijua natengeneza mambo. Nilikuwa Kansas, kati ya Hays na Colby, pale ukiangalia mbele ni mbingu na ngano tu. Tumbo likaanza kuunguruma kuliko injini. Lori la futi 53 huliegeshi popote unapotaka. Siendelei.

Naomba wajuzi: nishike ipi? Na kwa nini ile ya sita ilinifanya vile?

#2 Kibarakashee
Nimesoma "baa ya nyuzinyuzi" nikajua ni sehemu mpya imefunguliwa Sinza. Nilishavaa viatu.

#3 MamaWawili_Moro
Dona, maharage, mchicha. Uzi ufungwe.

#4 Dereva_I70
Mama, dona nasongea wapi, kwenye usukani?

#5 Mpita_Njia
Nimekaa paleee, nasubiri sehemu ya Kansas iendelee.

#6 Nesi_wa_Zamu
Mkuu Dereva, angalia nyuma ya pakiti za #1 na hiyo ya kapuni. Ukikuta "mzizi wa chikori" au "inulini" karibu na mwanzo wa orodha ya viungo, hapo ndipo nyuzi zinapotoka. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia.

Chikori ni mmea, mizizi yake inalimwa sana Ubelgiji na Uholanzi. Wanaikamua wanapata unga mweupe wenye utamu kidogo, ndiyo inulini. Viwandani wanaipenda kwa sababu inalainisha na kuongeza namba ya nyuzi bila kuharibu ladha. Lakini utumbo mwembamba hauwezi kuivunja. Inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaipokea kwa shangwe, inachacha, gesi inatoka. Ulikuwa umebeba togwa iliyosahauliwa juani.

Kimoja kwa siku watu wengi wanakimudu. Vitatu kwa mpigo na hujazoea, Kansas yote itakusikia.

#7 Dereva_I70
Nimegeuza pakiti ya kapuni. Chikori ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Hata oti zimekuja nyuma yake.

#8 Chumvi_Kidogo
Nesi yuko sawa nusu. Angalia kama kuna maltitoli. Baa nyingi za "sukari kidogo" zinatiwa hizo sukari mbadala za jamii ya polioli, na ndizo zinazovuta maji tumboni na kukukimbiza. Gesi ni chikori, mbio ni maltitoli. Wewe ulipata kipi?

#9 Dereva_I70
Vyote. Na maltitoli imo.

#10 Babu_Tegeta
Vijana mnatafuta mchawi mbali. Alikula nyuzi hakunywa maji. Dereva wa lori anaogopa kunywa maji kwa sababu ya choo, kwa hiyo anakausha tumbo, halafu anatupia sponji kavu ndani. Mimi nimeendesha basi la Dar hadi Mbeya miaka mingi, nawajua madereva. Chupa ya maji ilikuwa ya kunawia uso.

#11 Dereva_I70
Mzee umenivua nguo. Kahawa tu, maji nilikuwa naonja.

#12 Fundi_Lebo
Niko London, kazi yangu ni ya vifungashio, naomba niweke sawa jambo moja maana humu watu watalinganisha namba za nchi tofauti.

Marekani kiwango cha siku kwenye lebo ni nyuzi gramu 28. Zamani kilikuwa 25, kikabadilishwa kwenye kanuni mpya ya mwaka 2016. Ili baa iitwe yenye nyuzi nyingi lazima itoe asilimia 20 ya hicho kiwango kwa mlo mmoja, yaani kama gramu 5.6. Ulaya na Uingereza hesabu ni nyingine: gramu 6 kwa kila gramu 100 za chakula, au 3 kwa kila kalori 100. Kwa hiyo kibaa cha gramu 40 chenye nyuzi 2.4 tu, huku kinaandikwa "nyuzi nyingi" na hakuna anayekamatwa.

Na kwenye #1: Mkuu umeiweka KIND kama vile nyuzi zote 7 ni za lozi. Soma tena, chikori imo na humo pia.

#13 Dereva_I70
Imo kweli, imejificha baada ya lozi na karanga. Asante Fundi.

#14 Kashata_Original
Mnahangaika na makopo ya wazungu wakati kashata ipo tangu enzi za babu. Karanga, ufuta, nazi. Nyuzi tupu. Inazishinda zote tano, na shilingi mia mia unakula unasaza.

#15 Mpita_Njia
Wewe ID yako tu inaonyesha una maslahi.

#16 Fundi_Lebo
@Kashata_Original tupige hesabu kabla ya kuapa. Karanga zina nyuzi kama gramu 8.5 kwa kila 100. Kashata ya gramu 40 yenye karanga 25 na sukari 15 inakupa nyuzi gramu 2.1. Ni sawa na ile Nature Valley aliyoilalamikia Dereva, na sukari imezidi.

Ufuta una nyuzi karibu gramu 12 kwa 100. Kashata ya ufuta ya gramu 40, nusu ufuta nusu sukari, ni 2.4. Hapo kuna kichekesho: 2.4 kwenye 40 ni 6 kwenye 100. Kashata ya ufuta ikija Ulaya inaruhusiwa kuandikwa "nyuzi nyingi" kwenye karatasi yake, ya karanga hairuhusiwi.

#17 Kashata_Original
Mmeona? Nimeshinda.

#18 Fundi_Lebo
Umeshinda Ulaya. Marekani bado ni pipi.

#19 Bint_Kilindini
Hujambo nyote. Sisi Mombasa nyanyangu hakujua baa wala nini, alikuwa na kopo la isabgol kutoka duka la Muhindi. Kijiko kimoja kwenye bilauri ya maji, koroga, unywe upesi kabla haijawa uji wa kuvutika. Asubuhi mambo shwari. Na hakukuwa na hayo makelele ya tumbo mnayoyasema.

Ila mwanangu yeye ni zile baa za shayiri, ndizo anazopeleka shule.

#20 Nesi_wa_Zamu
Bint, nyanya alikuwa mjuzi. Isabgol ni maganda ya mbegu za mmea wa silio (psyllium), nyingi zinatoka Gujarat. Zinashika maji na kuwa kama ute, na bakteria hawazichachishi sana, ndiyo maana hakukuwa na makelele. Lakini maji ni lazima. Ukibugia kavu inaweza kukukaba kooni.

Hapa Babu #10 ana hoja kwa isabgol zaidi kuliko kwa chikori. Chikori hata ukiifuata na ndoo ya maji, gesi iko palepale.

#21 Mwalimu_Mstaafu
Samahani, nimeshindwa kuvumilia. Oti si shayiri. Shayiri ni ile inayopikwa bia. Ni nafaka mbili tofauti.

#22 Kibarakashee
Mwalimu, tukirudi kwenye bia tunarudi kwenye baa yangu ya Sinza. Uzi umerudi njiani.

#23 Sukari_Juu
Mimi nina kisukari, niko Leicester. Nilifundishwa na jamaa mmoja wa Texas kwamba ukitaka kujua wanga utakaopandisha sukari, chukua wanga wa kwenye pakiti toa nyuzi. Nimefanya hivyo na hizi baa mwaka mzima na kipimo asubuhi hakikubaliani na mimi. Nakosea wapi?

#24 Fundi_Lebo
Ndugu yangu, unatoa mara mbili.

Lebo ya Marekani inahesabu nyuzi ndani ya wanga. Ikisema wanga 25 na nyuzi 9, hizo 9 zimo kwenye 25, kwa hiyo ukitoa unabaki na 16. Lebo ya Uingereza na Ulaya imeshaziweka pembeni. Baa ileile hapa itaandikwa wanga 16, nyuzi 9. Wewe ukichukua 16 ukatoa tena 9 unajidanganya umekula 7. Jamaa wa Texas hakukosea, alikosea nchi yako.

#25 Sukari_Juu
Mwaka mzima! Nimeinuka kwenye kiti kwenda kuangalia kabatini. Kweli, namba za chini zote nilizoandika kwenye daftari la kliniki ni za uongo. Nashukuru sana.

#26 Nesi_wa_Zamu
Mpelekee muuguzi wako hilo daftari na umweleze kosa. Usipange dawa mwenyewe kwa hesabu ya jukwaani.

#27 Mganda_wa_Bwaise
Wakubwa, habari kutoka Kampala. Hii hadithi yote ya nyuzi ina mguu mmoja hapa kwetu. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda, hospitali ya Mulago. Aliona magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza hapa ni machache. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha kwenye jarida la Lancet vipimo vya muda chakula kinakaa tumboni na uzito wa choo, watu wa vijijini Afrika kwa upande mmoja na Waingereza kwa upande mwingine. Cha kijijini kilikuwa kizito na kilitoka mapema. Baada ya hapo Ulaya na Marekani wakaanza kuabudu pumba.

#28 Kibarakashee
Kwa hiyo mtaji wa biashara hii yote ni choo cha babu zetu, na sisi tunauziwa baa kwa dola.

#29 Mwalimu_Mstaafu
Mganda, usimpe Burkitt sifa zote. Kulikuwa na Hugh Trowell, tabibu aliyefanya kazi Kenya na Uganda kabla yake na akaandika naye baadaye. Na usisahau kwamba wale watu wa vijijini walitofautiana na Waingereza kwa mengi: walitembea, walilima, hawakula nyama nyingi. Kusema ni nyuzi peke yake ni kurahisisha.

#30 Mganda_wa_Bwaise
Nakubali, mwalimu. Lakini matoke na maharage yapewe heshima yao.

#31 Babu_Tegeta
"Walitembea." Someni hapo. Dereva amekaa saa 11. Hata umpe gunia la pumba, tumbo lililokunjwa halisukumi kitu. Kila ukijaza mafuta zunguka lori mara kumi.

#32 Chumvi_Kidogo
Babu, #10 ulisema ni maji. Leo ni kutembea.

#33 Babu_Tegeta
Nazunguka lori nikiwa na chupa ya maji. Tatizo liko wapi?

#34 Msomi_wa_Mbulu
Mkitaka mabingwa wa nyuzi nendeni Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe. Mizizi, matunda ya porini, ubuyu, asali. Watafiti walichapisha mwaka 2014 kuhusu bakteria wa matumbo yao, wakakuta wana aina nyingi kuliko za Waitaliano waliolinganishwa nao. Hilo tumbo ukilipa chikori halishtuki. La Dereva limelelewa na chipsi mayai, lazima lishtuke. Kwangu mimi tatizo si chikori wala maji. Ni mwili kurukia kutoka sifuri hadi baa tatu za chikori asubuhi moja.

#35 Mswahili_Maskati
Salaam aleikum. Mie niko Maskati, hapa hizo baa zipo kila supamaketi lakini siioni haja. Nina tende za khalasi na fardhi kwenye kopo ndani ya gari. Tende saba na maji, safari mpaka Salala. Dereva, ile Larabar yako ni tende iliyosagwa ikavishwa nailoni. Unalipa nailoni.

#36 Nairobi_Mtulivu
Na Weetabix je? Inatengenezwa hapa hapa Nairobi. Biskuti mbili zina nyuzi 3.8, sukari kidogo sana. Mimi huzila kavu nikiwa kwa matatu, nikipaka siagi ya njugu katikati.

#37 Mpita_Njia
Weetabix kavu kwenye matatu? Huyo aliyekaa mbele yako anapigwa vumbi la ngano mpaka kituoni.

#38 Chumvi_Kidogo
Hakuna aliyejibu swali kubwa. Nyuzi za kukamuliwa kwenye mzizi na kumwagwa kwenye chokoleti, je, ni sawa na nyuzi za maharage? Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 13 hadi 15, na kinakuja na protini na madini yake. Baa ya 9 inakuja na sharubati ya mahindi.

#39 Fundi_Lebo
Kisheria Marekani zinahesabiwa. FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, iliikubali inulini kwenye orodha yake Juni 2018. Ila angalia kilichoipitisha: ushahidi kwamba inasaidia mwili kufyonza kalisiamu. Hoja haikuwa choo. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa 2023, linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na limeandika nyuzi za asili zilizomo kwenye vyakula. Kila mtu asome hayo maneno anavyotaka.

#40 Nesi_wa_Zamu
Mimi wodini siwaambii wagonjwa baa ni sumu. Mtu ambaye mbadala wake ni soda na donati, baa ya chikori ni hatua. Mwenye maharage nyumbani haihitaji.

#41 MamaWawili_Moro
Nimerudi. Nilisema uzi ufungwe hamkusikia, basi chukueni hii.

Tende gramu 100 toa kokwa. Karanga 50 zilizokaangwa, usizipepete, yale maganda mekundu yaache. Ufuta 30 uliopashwa mpaka uanze kuruka. Unga wa ubuyu 20, ule mkavu mweupe wa kupeta mwenyewe, si ule mwekundu wa Zanzibar wenye sukari. Twanga tende na karanga kwenye kinu mpaka zishikane, changanya vilivyobaki, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, sukuma kwa chupa, kata vipande vitano. Bila sukari ya kuongeza, na uchachu wa ubuyu unakata utamu wa tende. Wanangu wanaibeba shule.

#42 Fundi_Lebo
Mama, nimekupigia hesabu: tende kama 7, karanga 4, ufuta 3.5, ubuyu unabadilika sana lakini tuseme 8. Jumla 22 na ushee, kila kipande kinapata zaidi ya gramu 4. Umeipita Nature Valley mara mbili, hujaifikia KIND.

#43 MamaWawili_Moro
KIND haina ubuyu. Mwambie akaionje kwanza.

#44 Kashata_Original
Hiyo si kashata. Kashata ni sukari iliyoungua. Hicho ni kitu kingine.

#45 Dereva_I70
Mrejesho, wakuu. Nimerudi nyumbani siku tatu. Ubuyu nimeupata duka la Wasomali hapa Columbus. Kinu sina, nimetumia blenda, na tende zikazunguka kisu zikagoma, nikazichomoa kwa mwiko nikatwanga na kitako cha bilauri. Zimetoka vipande vinne na nusu. Hiyo nusu mke wangu ameila akiwa amesimama, akauliza zingine ziko wapi.

Barabarani nimeamua: kimoja cha Mama asubuhi, Fiber One moja mchana, maji lita mbili, na naizunguka lori kama alivyoagiza mzee. Choo kimekuja siku ya pili. Sijui ni nani kati yenu niliyemtii.

#46 Babu_Tegeta
Mimi.

#47 Nesi_wa_Zamu
Ungebadilisha kimoja kimoja tungejua. Umebadilisha vinne kwa pamoja.

#48 Msomi_wa_Mbulu
Na ile ya kapuni umeitupa?

#49 Dereva_I70
Iko kwenye droo ya lori, zimebaki mbili. Kuna mwenzangu anayeniibia chakula tukiegesha pamoja. Nimemwachia.

#50 Mgeni_Leo
Habari wakuu, nimechelewa, sijasoma yote. Hizo baa Kariakoo zinapatikana mtaa gani?